Anayeondoka Kwanza

Ugomvi kati ya waigizaji na waongozaji huelezwa sana kama suala la tabia: huyu ana kiburi, yule ni dikteta, hawa wawili nyota zao haziendani. Mimi naona mara nyingi chanzo kiko kwingine, na ni cha kikazi kabisa. Ni suala la nani anaondoka kwanza.

Kwenye tamthilia anayeondoka ni mwongozaji. Wiki za mazoezi zikiisha na onyesho likishafunguliwa, anaaga na kwenda kwenye kazi nyingine. Waigizaji na meneja wa jukwaa ndio wanaobaki na mchezo kila usiku. Kwenye filamu ni kinyume. Mwigizaji anavua maleba, analipwa, anakwenda zake, halafu mwongozaji anaingia chumba cha uhariri akiwa na sura ya yule mwigizaji, sauti yake, hata zile sekunde alizodhani kamera imeshazimwa, na anaweza kukaa navyo miezi akivipanga atakavyo. Tumezoea kuambiwa kwamba jukwaa na kamera vinatofautiana kwa ukubwa wa sauti na upana wa mikono. Hilo mwigizaji makini hulizoea haraka. Kinachowasumbua watu kwa miaka ni kuingia kwenye filamu wakiwa na matarajio ya jukwaani, au kurudi jukwaani na matarajio ya filamu.

Cheo cha mwongozaji chenyewe ni kipya kuliko wengi wanavyodhani. Kwa karne nyingi onyesho lilipangwa na mwandishi, au na mwigizaji mkuu aliyemiliki kundi, ambaye kwa bahati njema alijikuta kila mara amesimama katikati, penye mwanga. Mtu asiyeigiza wala kuandika, anayeketi kwenye viti vya watazamaji na bado neno lake likawa la mwisho, alikuja kutambulika Ulaya katika karne ya 19. Anayetajwa sana ni Georg II, mtawala wa eneo dogo la Ujerumani la Saxe-Meiningen, ambaye kundi lake lilizunguka miji ya Ulaya kati ya 1874 na 1890. Watu walistaajabu kuona umati wa jukwaani ambao kila aliyemo ana jambo lake la kufanya, badala ya kundi la watu waliosimama tu kama pazia. Mazoezi yalisimamiwa na Ludwig Chronegk, mtu wa amri na nidhamu ya kijeshi. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Urusi, aliwaona Moscow mwaka 1890, akavutiwa na Chronegk kiasi cha kumwiga. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba kuiga huko kulizaa kizazi kizima cha waongozaji wababe nchini mwake.

Kwa hiyo ubabe ulikuwamo tangu mwanzo wa kazi hii. Lakini fuatilia kilichomtokea Stanislavski baada ya hapo. Mwaka 1898, Ukumbi wa Sanaa wa Moscow ulipoandaa tamthilia ya mwandishi Anton Chekhov iliyoupa umaarufu, alijitenga na kuandika mpango wa kila hatua, kila mlio wa wadudu, kila kimya, kabla waigizaji hawajajaribu chochote. Onyesho lilifaulu mno. Ilipofika 1906 akajikuta yeye mwenyewe, kama mwigizaji, amekauka: nyuso na miondoko ya wahusika aliowapenda ilikuwa imebaki, uhai umetoka. Alikuwa akirudia maganda. Kuanzia hapo akaanza utafiti uliomchukua maisha yake yote, na katika miaka yake ya mwisho, kabla hajafa mwaka 1938, alikuwa akiwaacha waigizaji wasimame na kuichimba hali ya mhusika kwa kutenda, badala ya kuwagawia mpango uliokamilika.

Wengi husimulia safari hiyo kama hadithi ya mtu mkali aliyelainika. Siisomi hivyo. Ni hadithi ya mtu wa jukwaani aliyegundua kwamba umbo analopewa mwigizaji haliishi muda mrefu, na kwamba mwongozaji hatakuwepo kulifufua. Kinachoishi ni sababu. Ukimwambia mwigizaji, "Ukifika neno hili, geuka uende dirishani," atakwenda dirishani usiku wa kwanza kwa sababu umemwambia, na usiku wa arobaini kwa sababu miguu imezoea. Akijua kwamba anakwenda dirishani ili mkewe asione uso wake, ataweza kwenda kwa namna mpya hata ukumbi ukibadilika na mke akiigizwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya mwelekezo ambao kila mwigizaji duniani ameusikia: "Naomba hasira zaidi." Mwongozaji anayesema hivyo hajakosea kuona, pengine kweli tukio limepwaya. Tatizo ni kwamba ametaja matokeo. Chukua ndugu wawili wanaogawana vitu vya baba yao aliyefariki, mmoja anaambiwa aongeze hasira. Asiye na uzoefu atapandisha sauti na kukunja uso, na tukio litapiga kelele bila kusogea. Aliyekomaa atajiuliza: nataka ndugu yangu afanye nini? Labda nataka aone haya. Basi nitamhesabia polepole siku alizokosa kuja hospitali, nikimwangalia, nikikunja shati la marehemu. Hasira itakuja yenyewe, na huenda ikaja kwa sauti ya chini kuliko alivyotarajia mwongozaji. Kugeuza kivumishi cha mwongozaji kuwa kitendo ni kazi ya mwigizaji, na simwonei huruma sana anayelalamika kwamba mwongozaji wake "hajui kuzungumza na waigizaji". Wengi hawajui. Wanatoka kwenye upigaji picha, uandishi, uhariri, ubunifu wa mandhari. Mwelekezo mbovu mara nyingi una macho mazuri nyuma yake.

Kuna namna nyingine ya kuelekeza inayochukiwa hata zaidi: mwongozaji kuitamka sentensi yenyewe na kumtaka mwigizaji aifuate. Shuleni tunafundishwa kwamba ni dhambi. Jukwaani nakubali, kwa sababu mwigo wa sauti ya mtu mwingine huchuja haraka, na maonyesho kumi baadaye ni wimbo tu usio na maana. Kwenye filamu nimekuwa na msimamo laini. Sentensi inahitajika mara moja. Jua linazama, eneo linatakiwa kurudishwa kwa mwenyewe, na mwongozaji anajua mlio anaouhitaji ili sentensi hii ishikane na ile iliyorekodiwa juzi. Akikutamkia, chukua. Ukiipata mara moja na ikaonekana imetoka kwako, imetosha. Hakuna atakayekuomba uirudie mwezi ujao.

Ndiyo maana napata shida na waigizaji wa jukwaani wanaofika mbele ya kamera wakidhani wanamiliki mhusika mzima. Hawammiliki. Mapema katika miaka ya 1920 hivi, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov wa Urusi alifanya jaribio ambalo bado linasimuliwa katika kila darasa la filamu: picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uleule usiobadilika, ikaunganishwa na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na picha nyingine. Watazamaji, kama Vsevolod Pudovkin alivyosimulia baadaye, waliusifu uigizaji: njaa yake, huzuni yake. Mwigizaji alikuwa hajafanya lolote. Somo hilo hutumiwa vibaya na waongozaji wanaotaka kuamini kwamba mwigizaji ni samani, lakini kiini chake ni kweli. Kwenye filamu, maana ya uso wako itakamilishwa na picha usiyoiona, siku ambayo hupo.

Na hata siku uliyopo, hupo kwa ukamilifu. Mwongozaji wa Marekani Sidney Lumet alipotengeneza filamu yake ya kwanza, ile ya wazee wa baraza kumi na wawili waliofungiwa chumba kimoja, iliyotoka mwaka 1957, alipiga picha kwa kuzunguka chumba ukuta kwa ukuta ili kuokoa muda wa kupanga taa. Matokeo yake, Henry Fonda na Lee J. Cobb wanaonekana wakigombana ana kwa ana, lakini picha za mmoja zilipigwa siku saba au nane mbali na picha za mwenzake. Jaribu kufikiria: unampigia mtu kelele wiki hii, jibu lake litakuja wiki ijayo, na joto la ugomvi halitakiwi kupanda wala kushuka. Lumet aliweza kwa sababu alikuwa amewafanyisha mazoezi ya wiki mbili kabla kamera haijawashwa. Alitoka kwenye tamthilia na televisheni ya moja kwa moja, akaibeba desturi ya jukwaa hadi filamuni kwa sababu za kiutendaji kabisa: kila mtu alijua tukio liko wapi katika safari nzima. Filamu nyingi leo hazina mazoezi ya maana. Mwigizaji hukutana na "mke wake wa miaka ishirini" asubuhi ya kupigwa picha, akapewa dakika kumi za kujua wapi pa kusimama. Watayarishaji huita hilo kuokoa pesa. Pesa hizo huliwa baadaye na marudio.

Kuhusu marudio, watu hupenda kuwashindanisha waongozaji wa Marekani Clint Eastwood na David Fincher. Eastwood husifika kwa kupiga tukio mara moja au mbili, na hapendi hata kupaza ile amri ya kuanza. Amesimulia kwamba aliizoea tabia hiyo kwenye filamu za farasi, ambako kelele ziliwashtua wanyama. Fincher ni mtu wa marudio makumi: tukio la kwanza la filamu yake ya mwaka 2010 kuhusu kuanzishwa kwa Facebook, mazungumzo ya mezani ya vijana wawili, linaripotiwa kurudiwa mara 99. Mmoja anatafuta kitu kabla mwigizaji hajakifikiria, mwingine anasubiri mwigizaji achoke kufikiria. Lakini wote wanaweza kufanya hivyo kwa kuwa wanajua watakuja kuchagua baadaye. Mwigizaji anayerudia kwa mara ya thelathini akidhani anaadhibiwa hajaelewa kwamba pengine mwongozaji anakusanya, hasahihishi. Hapo swali la maana ni, "Tayari umepata nini?" Akikujibu kwamba anayo ile ya upole na ile ya ukali, unajua umpe nini tena. Na ukimya ule wa kutisha baada ya "kata!", ambao humfanya mwigizaji mgeni ajione ameharibu kila kitu, kwa kawaida ni watu wanaojadili lensi iliyopoteza ukali au ndege iliyopita angani. Mwongozaji mwenye utu hukumbuka kusema neno moja. Ndiye mtazamaji pekee aliyepo.

Kuna waliojenga daraja kati ya dunia hizi mbili na nadhani hawaigwi vya kutosha. Ingmar Bergman wa Sweden katika miaka ya 1950 aliongoza tamthilia katika ukumbi wa mji wa Malmö, na majira ya joto, ukumbi ukifungwa, aliwachukua waigizaji walewale, akina Max von Sydow, Bibi Andersson na Ingrid Thulin, akapiga nao filamu. Walioigiza kwenye filamu zake walikuwa wameshamwona akikosea mazoezini, akibadilisha mawazo, akiwaachia mchezo na kuondoka. Anapokuomba uso wako kwa karibu, sentimita chache kutoka kwenye lensi, unampa mtu ambaye mizani ya mamlaka kati yenu imeshawahi kuinamia upande wako. Siri ya nyuso zile haiko kwenye taa peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo linasemwa kwa kupindishapindisha: hila. Je, mwongozaji ana haki ya kumficha mwigizaji jambo ili apate mshtuko wa kweli?

Kuna mifano miwili ambayo hutupwa kapu moja, na si ya kapu moja. Mike Leigh wa Uingereza hutengeneza filamu zake bila mswada wa mwanzo; waigizaji hujenga wahusika kwa miezi ya majaribio, kila mmoja akijua tu yale ambayo mhusika wake angejua. Katika filamu yake ya mwaka 1996, Brenda Blethyn aliigiza mama anayekutana na binti aliyemtoa kulelewa na wengine alipozaliwa, na hakujua kwamba binti huyo ni Mweusi hadi alipokutana na Marianne Jean-Baptiste katikati ya jaribio. Alishtuka kweli. Ila mwigizaji yeyote anayeingia kazini kwa Leigh anajua kwamba siri ni sehemu ya kazi na amelikubali hilo. Isitoshe, jaribio lile lilikuwa mwanzo wa kazi: kilichopatikana kilifanyiwa mazoezi, kikapangwa, kikaja kupigwa picha na watu wanaojua wanachofanya.

Mwongozaji wa Italia, Bernardo Bertolucci, alifanya jambo tofauti. Katika filamu iliyotoka mwaka 1972, yeye na mwigizaji wake mkuu Marlon Brando walibuni asubuhi ya siku ile kipengele cha tukio la udhalilishaji wa kingono, wasimwambie Maria Schneider, aliyekuwa na miaka 19. Tendo lenyewe lilikuwa la kuigiza. Kushtukizwa hakukuwa kwa kuigiza. Schneider alisema mwaka 2007 kwamba alijisikia kudhalilishwa na kwamba machozi yale yalikuwa yake. Alifariki 2011. Miaka miwili baadaye Bertolucci alieleza kwenye mahojiano kwamba alitaka itikio lake kama msichana, si kama mwigizaji.

Kauli hiyo ni ungamo la kushindwa kazi. Aliyekuwa amemwajiri alikuwa mwigizaji. Kama alitaka unyonge wa mhusika uonekane, njia ilikuwa kumweleza na kumwongoza, kama ilivyofanyika maelfu ya mara na waigizaji wenye umri huo huo. Na hapa ndipo hoja ya nani anaondoka kwanza inapofichua jambo. Jukwaani hila ya namna hii haina faida, kwa sababu mwigizaji aliyeshtukizwa Jumanne atatakiwa kushtuka tena Jumatano, na mara mbili Jumamosi. Mwongozaji wa tamthilia, hata akiwa katili, analazimika mwishowe kumpa mwigizaji kitu anachoweza kukirudia. Filamu ndiyo inayomruhusu mtu kuiba mara moja na kuhifadhi alichoiba milele. Sisemi jukwaani kuna watakatifu. Kumtukana mtu mbele ya kundi zima kwa wiki nzima za mazoezi ni desturi kongwe, Chronegk alijua. Nasema chombo chenyewe kimeweka vishawishi mahali tofauti.

Kuanzia 2018 kampuni ya televisheni ya Marekani ya HBO ilianza kuweka waratibu wa matukio ya faragha kwenye uzalishaji wake, watu wanaokaa kati ya mwongozaji na waigizaji kupanga nani anagusa wapi na nini kimekubaliwa. Wengine walifuata. Yapo malalamiko kwamba hili linaua uhalisia. Mapigano ya panga yamepangwa hatua kwa hatua kwa karne nyingi na sijasikia mtu akidai damu halisi ili aamini.

Haki inadai tuseme na upande wa pili, kwa sababu mwigizaji naye akiachiwa mchezo huonyesha rangi zake. Mwongozaji akishaondoka, ndipo utakapomwona mtu aliyepata kicheko kidogo usiku wa tatu akianza kukilea. Anaongeza kimya kidogo kabla ya neno, kisha jicho kwa watazamaji, kisha mguu. Baada ya mwezi tukio la dakika tatu limekuwa la tano na mwenzake aliyesimama mbele yake amegeuka kuwa fenicha. Meneja wa jukwaa ndiye anayetakiwa kumrudisha kwenye mstari, akiwa na kitabu cha maelekezo na mamlaka ambayo mastaa wengi hujifanya hawayaoni. Kuna onyesho moja la London, hadithi ya upelelezi ya Agatha Christie, lililofunguliwa Novemba 1952 na kuendelea hadi leo, likisimama kwa muda wakati wa janga la 2020 tu. Waigizaji wamebadilishwa mara nyingi sana. Mchezo wa aina hiyo unaishi kwa uaminifu wa watu ambao hawakuwepo siku ya kwanza ya mazoezi. Mwigizaji anayedai heshima kutoka kwa mhariri wa filamu, halafu jukwaani anamla mwenzake polepole kwa ajili ya vicheko, anafanya jambo lilelile analolilalamikia.

Mpaka wenyewe nao umeanza kufifia. National Theatre ya London ilianza mwaka 2009 kurusha maonyesho yake moja kwa moja kwenye majumba ya sinema, na tangu hapo mwigizaji anaweza kujikuta akiigizia watu walioketi mita thelathini kutoka kwake na, katika pumzi hiyohiyo, kamera inayomtazama kope. Acheze kwa ajili ya nani? Jibu langu ni ukumbi. Kamera imekuja kama mgeni kwenye tukio la wengine, na mwigizaji anayejipunguza kwa ajili yake huwaibia waliokata tiketi za viti vya nyuma.

La mwigo wa kidijitali, yaani nakala ya mwigizaji inayotengenezwa kwa kompyuta, ni zito zaidi. Waigizaji wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma mwaka 2023, kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, na moja ya mambo waliyoyapigania ni nini kinaweza kufanywa na sura na sauti zao zikishachukuliwa kama data. Mkataba uliofikiwa unadai ridhaa na malipo mtayarishaji anapotengeneza au kutumia nakala ya mwigizaji. Ni hatua, na nadhani ridhaa inayotolewa siku ya kusaini na mtu anayehitaji kodi ya nyumba ni ridhaa dhaifu. Zamani mhariri alikuwa na vile tu ulivyofanya: angeweza kuvipanga upya, hakuweza kukufanya useme usichosema. Mwongozaji aliyetaka machozi yako ilimlazimu akutafute, akuombe, akusubiri, akuudhi hata. Ulazima huo ndio ulikuwa nguvu pekee aliyokuwa nayo mwigizaji wa filamu ambaye si staa, na vifungu vya ridhaa vinavyoandikwa sasa vinapaswa kutaja tukio kwa tukio kile nakala inachoruhusiwa kufanya, si kumpa mtayarishaji sura ya mtu kwa jumla.